Salamu kwa Aliye Ng'ambo

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Hawakusema kila waraka ni salamu. Zipo nyaraka ambazo ukizifungua hukuti ndani yake ila hesabu. Tofauti hiyo hudhihiri zaidi anapoandikiwa mmisionari aliye ng'ambo kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alizaliwa tarehe 11 Januari 1810. Mwaka 1844 alifika Unguja, kisha akahamia Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huo mkewe, Rosine, alifariki, na kitoto chao kichanga kikamfuata. Januari iliyofuata Krapf alitimiza miaka 35. Mtu wa hali hiyo aandikiwe nini? Kumwuliza ni wangapi waliokwisha kubatizwa ni kumdai, si kumtia moyo. Mwenzake, Johannes Rebmann, aliyezaliwa tarehe 16 Januari 1820, alikaa pwani tangu 1846 hata 1875, akaondoka macho yamekwisha nuru, na waongofu wake wachache. Lau pongezi zingepimwa kwa mavuno, huyu asingestahiki hata mstari mmoja.

Lakini kuzaliwa si kazi ya mtu. Ni neema aliyopewa kabla hajatenda lolote. Kwa hiyo siku hiyo yafaa apongezwe yeye, si utume wake. Hapo hupata jibu pia Mwislamu aonaye uzito kumtakia heri mtu aliyekuja kuhubiri dini nyingine. Sayyid Said bin Sultan alimpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, wala hakuiacha dini yake. Kumkirimu mtu si kuitia sahihi imani yake.

Zama hizo, kabla ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, waraka kutoka Ulaya ulikaa miezi njiani. Aliyetaka salamu yake ifike Januari alipaswa kumkumbuka mwenziwe mwaka uliotangulia. Leo simu huifikisha kwa kupepesa jicho, na simu hiyo hiyo ndiyo imkumbushayo mpelekaji. Wepesi huo ni neema, ila umeondoa ushahidi: haijulikani tena ni nani aliyekumbuka. Ushahidi uliobaki ni maneno yenyewe. Basi amwandikiaye mmisionari na amwulize analala vipi na anakula na nani. Amweleze nani kaoa, nani kafa, na kama mvua imenyesha kwao. Habari za kanisa na zingoje waraka mwingine.