"Kesho" ya Fundi

Fundi asemaye "kesho", naye ajua hatakuja, je, amesema uongo au ametumia adabu tu? Maana wengi wetu huona haya kumkatalia mtu kwa kinywa, kisha humkatalia kwa matendo.

Masika ilipokaribia, fundi aliondoa mabati mawili yaliyoliwa na kutu juu ya chumba cha mama yangu, akapokea nusu ya ujira, akaenda zake. Majuma matatu nilisikia "kesho". Mvua ikamnyeshea mama kitandani. Nikamwendea fundi kwa hasira. Akanijibu kwa upole, "Bwana Mchungaji, fedha yako nilinunulia mbao za kazi ya mwingine, kwa kuwa yeye hajanilipa. Na ule mlango wa mwaka jana, wewe ulinilipa lini?" Nikanyamaza. Nilimwahidi mwisho wa mwezi, nikamlipa mwezi wa tatu.

Sisemi kosa lake limefutika. Ahadi ni deni, naye aonaye hawezi yampasa kusema, "Siwezi." Lakini Kumbukumbu la Torati 24:15 yaagiza kibarua apewe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijachwa. Basi acheleweshaye ujira na acheleweshaye kazi wamefanya jambo moja, naye anyeshewaye ni mtu wa tatu asiye na kosa.

Kabla ya kumkemea fundi, tujiulize: je, mikononi mwetu hamna ujira wa mtu?