Rafiki wa Mfalme

Somo letu la mwezi huu limo katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 15, tangu mstari wa 19 hata wa 22. Lisomeni kwanza, kisha rudini hapa.

Daudi anaukimbia mji wake mwenyewe kwa hofu ya Absalomu. Katika wale wanaomfuata yumo Itai Mgathi, mtu wa nchi nyingine, aliyefika juzi tu. Mfalme amhurumia, amwambia arudi na watu wake, maana hana cha kumpa wala hajui aendako. Itai akataa. Nasi twauliza: alitaka nini kwa mfalme asiye na kiti?

Wazee wetu wa Uha wajua swali hili lina uzito gani. Katika siku za Mwami wa Heru na Mwami wa Muhambwe, kabla utawala huo haujafutwa mwaka 1963, palikuwa na desturi ya ubugabire. Mwenye ng'ombe humpa mtu ng'ombe, naye aliyepewa humtumikia na kumheshimu. Akiacha kutumika, ng'ombe aweza kurudishwa. Hatuidharau desturi hiyo, kwa kuwa iliwalisha wengi. Lakini mtu hawezi kumwambia bwana wake neno chungu kwa urahisi, huku maziwa ya watoto wake yatoka katika zizi la bwana huyo.

Sasa twawapa habari ya kijana mmoja. Jina lake Dallington Maftaa. Alikuwa mmoja wa watoto waliokombolewa utumwani na kulelewa na wamisionari Waanglikana huko Unguja, katika shule ya Kiungani. Hakuwa na ukoo wa kujivunia, wala mali, wala cheo. Mwaka 1874 aliandamana na msafara wa Stanley kwenda bara, na mwaka 1875 wakafika kwa Mutesa, Kabaka wa Buganda, mfalme mwenye majeshi na mashua nyingi za vita ziwani. Zikatafsiriwa kwa Kiswahili sehemu za Maandiko kwa kufupishwa, na Maftaa alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo. Msafara ulipoondoka, yeye akabaki ili amsomee mfalme. Wenzake wakaendelea na njia yao, wakafika Ujiji, pwani yetu hii ya Tanganyika, mwezi wa Mei 1876. Yeye alikuwa peke yake katika baraza la Kabaka, akisoma, na kumwandikia barua za kwenda kwa Wazungu.

Fikirini, enyi walimu, maana wengi wenu mmesoma barua za wazee wasiojua kusoma. Aliye msomaji pekee ana nguvu nyingi. Aweza kuruka mstari ulio mkali, aweza kulainisha neno ili uso wa mkubwa usikunjamane, wala hakuna wa kumshika. Mfalme yule alikuwa na uwezo wa kuua, na msomaji wake hakuwa na ndugu hata mmoja mjini wa kumlilia.

Je, Mutesa aliokoka kwa kusomewa? Twasema kweli: hakubatizwa. Aliwasikiliza Waislamu, akawasikiliza Waprotestanti waliofika mwaka 1877 na Wakatoliki waliofika mwaka 1879, tena alitazama sana hatari ya Misri iliyomjia kutoka kaskazini. Akafa mwaka 1884 bila kukata shauri. Ndivyo Herode naye alivyomsikiliza Yohana kwa furaha, asimfuate. Lakini Wakatoliki walibatiza watu wao wa kwanza huko mwaka 1880, na Waprotestanti mwaka 1882. Mwalimu ambaye mkubwa wa kijiji amemsikiliza miaka kumi bila kusogea, na aikumbuke miaka ile.

Ipo hatari nyingine, nayo yatutisha zaidi kuliko hasira ya wakubwa, yaani ukarimu wao. Mwalimu akaribishwapo kila siku penye kiti kizuri, huanza kuchagua sura za kusoma. Nathani alipotumwa kwa Daudi, alikwenda na kisa cha mwana-kondoo wa maskini.

Sasa tazameni Yohana 15:15. Hapo Mfalme mwenyewe ndiye awaitaye watu wadogo rafiki, akiwapa sababu: amewajulisha yote aliyoyasikia kwa Baba. Hakuwapa ng'ombe wa kuwafunga kwake. Usiku ule ule wakamkimbia wote, wala jina hilo hakuwanyang'anya. Baadhi yao walikuwa watu wa mashua, wenye mikono ya kuvuta nyavu kama wavuvi wetu wa Kigoma. Baada ya kufufuka kwake walikesha ziwani wasipate kitu, na kulipokucha wakamkuta amesimama ufuoni, pana moto wa makaa, samaki wamekwisha wekwa juu yake, na mkate, akawaita waje wale.