Kama Mtoto Hakudhurika, Je, Kuna Kosa?

Tuchukue wazazi wawili, majirani, ambao watoto wao wamepandwa na homa usiku mmoja. Kila mmoja anafungua chupa ya parasetamo ya maji, anachukua kijiko cha chai jikoni, anamimina kwa kukadiria na kumnywesha mtoto. Homa ikichelewa kushuka anarudia, na alfajiri anarudia tena. Mtoto wa kwanza anaamka akicheza. Wa pili, siku mbili baadaye, anafikishwa hospitali ini lake likiwa limeharibika. Mtaa mzima utamlaumu mzazi wa pili kwa uzembe. Wa kwanza hatasemwa, pengine hata atasifiwa kwa kukesha na mwanawe. Lakini walichofanya ni kile kile. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliuliza swali ambalo hadi leo halijatulia: inakuwaje bahati, jambo lisilo mikononi mwa mtu, iamue kama yeye ni wa kulaumiwa au la? Jibu langu, kwa habari ya dawa za watoto, ni kwamba haiamui. Kosa hukamilika pale dawa inapomiminwa bila kupimwa, na kupona kwa mtoto hakulifuti.

Neno hilo litaonekana kali mpaka tuziangalie hesabu. Utafiti mmoja wa Ugiriki uliochapishwa mwaka 2010 ulipima vijiko vya chai kutoka nyumba 25: kilichokuwa kidogo kuliko vyote kilibeba mililita 2.5, kikubwa kikabeba 7.3. Kwa dawa yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, hiyo ni kusema mtoto mmoja anapewa miligramu 60 na mwingine zaidi ya 170, na wazazi wote wawili wataapa kwamba wametoa kijiko kimoja. Mtoto wa kilo 8 anahitaji kati ya miligramu 80 na 120 kwa mara moja, yaani 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, na asipewe zaidi ya mara nne kwa saa 24. Hatari hukua nyumba inapobadilisha chupa. Matone ya watoto wachanga aghalabu huwa na miligramu 100 katika mililita moja tu, kwa hiyo mililita 5 zilizozoeleka zinageuka miligramu 500. Chupa zote mbili zinaitwa parasetamo, na zote mbili ni tamu. Dawa ya mafua iliyonunuliwa siku hiyo hiyo nayo huenda ina parasetamo ndani yake. Na ini lililozidiwa halilalamiki papo hapo. Dalili nzito huweza kuchelewa siku moja au mbili. Hili la mwisho ndilo lenye uzito zaidi katika hoja yangu, maana mzazi aliyekadiria mara nyingi bila kuona madhara hajathibitisha kwamba anakijua kipimo. Amezoea tu kujiamini.

Pingamizi la kwanza ni la nia: mzazi alimpenda mwanawe, nani amhukumu? Waislamu hufundishwa tangu madrasa uzito wa nia katika kila tendo. Hata hivyo, sheria ya Kiislamu haimwachi aliyeua bila kukusudia aende zake. Humdai dia, yaani fidia ya damu, na kafara, na mafakihi wakamwajibisha pia anayetibu watu bila kuujua utabibu. Katika Biblia, kitabu cha Hesabu kinamtengea aliyeua bila kukusudia miji ya makimbilio: uhai wake unalindwa, lakini harudi kulala nyumbani kwake kana kwamba hakuna lililotokea. Mapokeo yote mawili yanaitambua nia na bado yanaacha deni. Naona yana haki, kwa sababu nia ya kuponya, ikiwa ya kweli, imebeba ndani yake nia ya kujua: mtoto ana kilo ngapi, chupa imeandikwa nini, mara ya mwisho alinyweshwa saa ngapi. Ndivyo ilivyo hata kwa ile huruma ya kuweka akiba. Dawa ya mseto ya malaria iliyozoeleka hunywewa mara sita kwa siku tatu. Mtoto akichangamka siku ya pili na vidonge vilivyobaki vikatunzwa kwa ajili ya mdogo wake, wote wawili wamedhulumiwa kwa jina la upendo. Na anayesema mponyaji ni Mungu, nakubaliana naye. Lakini mtoto ni amana, na mwenye amana huulizwa aliitunza vipi.

Wengine watasema bibi zetu walilea kwa kijiko na sisi tukakua. Tulikua sisi tunaosema. Wasiokua hawapo barazani kutoa ushahidi.

Hoja hii ina upande wa pili, na asiyeuona atakuwa mkatili. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji zilizotengenezwa India na kupatikana Gambia, zikiwa na daithilini glaikoli na ethilini glaikoli, sumu zinazoharibu figo. Zilihusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60. Mzazi aliyepima sawasawa kutoka chupa ile hakukosa, hata kama atajilaumu maisha yake yote. Bahati njema haimsafishi asiyepima, wala mbaya haimtii hatiani aliyepima.

Linalonigusa zaidi ni pingamizi la umaskini. Nyumba nyingi hazina mizani, na usiku wa manane hakuna wa kumuuliza. Nakubali kwamba mtu hadaiwi asichokiweza. Hapo deni linahamia kwa aliyeweza: muuza dawa aliyetoa chupa bila kikombe wala bomba la kupimia, mtengenezaji aliyeandika maelezo kwa Kiingereza kitupu akijua wanunuzi wanasoma Kiswahili, mhudumu aliyesema “kijiko kimoja mara tatu” bila kuuliza uzito. Mama anayesimama dirishani na kuuliza, “Kwa mtoto wa kilo nane, ni mililita ngapi?” ametimiza sehemu yake. Anayemjibu kwa haraka ili mteja mwingine asogee ndiye aliyeanza kudaiwa.