Chuma Hakitubu

Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu wanafunzi kusoma ramani. Siku moja, katika chuo cha ualimu, niliwatandazia ramani ya Kenya ya kipimo cha 1:50,000 na kuwaeleza kwa fahari kwamba ramani za namna hiyo zilitokana na picha za angani, na kwamba nyingi za mwanzo zilipigwa na ndege aina ya Lancaster, zilizokuwa zikiangusha mabomu katika Vita Kuu ya Pili. Nikasema: tazameni, silaha imegeuka kifaa cha elimu.

Historia ilikuwa upande wangu. Lancaster, yenye injini 4 na watu 7 ndani yake, ilikuwa miongoni mwa ndege zilizoichoma Hamburg mwaka 1943 na Dresden mwaka 1945. Lakini kuanzia tarehe 29 Aprili 1945, ndege hizo hizo ziliruka chini chini juu ya Uholanzi zikiwaangushia wenye njaa maelfu ya tani za chakula. Vita vilipokwisha, Kikosi cha 82 cha jeshi la anga la Uingereza kilizitumia kupiga picha Afrika Magharibi na Afrika Mashariki. Huku kwetu ziliruka kutoka uwanja wa Eastleigh, Nairobi.

Mwanafunzi mmoja kutoka Nyeri akanyosha mkono. "Mwalimu, nyanya yangu akisikia ngurumo ya ndege hadi leo hukimbilia mvunguni mwa kitanda. Yeye aliona mabomu yakiangushwa Nyandarua."

Nikamjibu upesi kwamba hizo zilikuwa Lincoln, si Lancaster. Darasa likanyamaza.

Jibu langu lilikuwa sahihi, tena la aibu. Lincoln ilizaliwa na Lancaster, katika kiwanda kile kile. Tangu mwishoni mwa 1953 hadi 1955 zilipiga misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, zikiruka kutoka Eastleigh ile ile. Kamera na mabomu vilitumwa na serikali moja.

Ndugu msomaji, sisi hupenda kusema kwamba kitu kilichoua kimetubu kwa kulisha au kufundisha. Chuma hakina dhambi wala toba. Anayetubu ni mtu, na deni hulipwa kwa yule anayedai. Mkate wa Uholanzi haukuwalipa wafu wa Hamburg, wala ramani yangu haikumlipa bibi wa Nyeri. Ramani ni nzuri, na nitaendelea kuisifu. Ila wema wake usigeuzwe sabuni ya kuoshea mikono ya mtu mwingine. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Juma lililofuata nilimwomba radhi kijana yule mbele ya wenzake. Kisha tukaitandaza ramani tena, tukaanza kutafuta kijiji cha nyanya yake.