Kinywa cha Mgonjwa ni Amana

Ndugu zetu Waislamu wa Malindi, Mambrui, Takaungu na Kilifi,

Mara hii twataka kusema juu ya jambo ambalo watu hulionea haya, nalo ni kinywa cha mtu aliyepatwa na saratani ya ulimi, ya shavu, ya ufizi au ya koo. Mara nyingi maradhi haya huanza kwa kidonda kidogo kisichouma, au kwa baka jeupe au jekundu. Mwenye nacho hupaka mafuta ya karafuu, kisha hunywa kombe, kisha huambiwa ana jicho la watu, na miezi yapita. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Basi kidonda cha kinywani kisichopoa kwa wiki 3 na kionyeshwe daktari, na dua isomwe njiani.

Sababu kubwa za maradhi haya ni tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna, na ulevi. Na mwenye kuchanganya viwili hivyo hatari yake huzidi sana. Lakini iko na ya tatu, nayo tumeiweka katika sinia za harusi zetu. Mwaka wa 1985 wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani walithibitisha kuwa tambuu yenye tumbaku huleta saratani, na mwaka wa 2004 wakachapisha kuwa hata popoo peke yake huileta. Mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, na ghasia ikawa kubwa hata mahakamani. Juu ya tambuu mimi sikusikia mtu akinong'ona!

Sasa tuje kwenye lililotufanya tuandike. Mgonjwa wa maradhi haya aghlabu hutibiwa kwa kupasuliwa, au kwa mionzi, au kwa vyote viwili. Mionzi huua maradhi, lakini huunguza na tezi za mate. Mate yakikauka, chakula hakimezeki, ladha hupotea, usingizi hukatika kwa kiu, na meno huoza kwa haraka ajabu. Tena mfupa wa taya uliopigwa mionzi haupoi kama mfupa mwingine. Jino likingolewa baada ya hapo, hata kwa miaka, mfupa waweza kufa na kutoka vipande vipande. Kwa hivyo meno mabovu yangolewe kabla, na jeraha lipewe kama wiki 2 lipoe, ndipo mionzi ianze. Ewe ndugu unayempeleka mzazi wako Mombasa au Nairobi, usisubiri kuulizwa: uliza wewe, "Daktari wa meno amwone lini?" Na atakayengoa jino baadaye, na aelezwe kwanza kuwa taya hili lilipigwa mionzi.

Tiba hii huwa siku 5 kila wiki, kwa wiki 6 au 7. Mtu wa Malindi hawezi kwenda na kurudi kila siku. Ajabu yetu ni kuwa pilau ya hitima hupatikana kwa siku moja, na nauli ya mgonjwa aliye hai hakuna anayeichangia.

Nyumbani, kinywa kisafishwe kila baada ya kula, kwa mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi. Asukutue kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa chumvi kidogo, anywe maji funda kwa funda, na afanye mazoezi ya kupanua taya kama alivyofundishwa, lisije likakaza. Chakula kiwe laini, kisicho pilipili wala ndimu. Na enyi wenye kumzuru, msimchukulie halua ngumu mkamlazimisha kuonja, wala msimhoji akajibu kwa taabu. Harufu ikitoka, msizibe pua mbele yake. Wako wagonjwa waliotengewa sahani na kikombe, na maradhi haya hayaambukizi kwa sahani. Huko ni kumwua mtu kabla ya ajali yake.

Wengine huuliza juu ya ibada. Katika madhehebu yetu ya Shafi kusukutua katika udhu ni sunna. Mwenye vidonda akiacha, udhu wake ni sahihi. Mti wa mswaki ukimuumiza, kitambaa safi chenye kukwaruza kidogo chatosha. Aliyewekewa mpira wa kulishia hakulazimishwa kufunga: akitarajiwa kupoa atalipa, na asiyetarajiwa hutoa kibaba kimoja kwa kila siku. Na aliyekatwa ulimi, Fatiha yake ni kutikisa midomo na kilichosalia cha ulimi kadiri awezavyo, na akishindwa na hilo huipitisha moyoni, na swala yake ni sahihi. Asiachwe nyuma ya mlango akidhani hana tena swala, mwiteni safuni.