UVUMILIVU WA MZAZI NA MAUDHI MADOGO

Wahenga walinena kuwa subira yavuta heri, nasi walimu tumeifasiri methali hiyo mbele ya wanafunzi wetu miaka nenda miaka rudi. Aghalabu tunapoifasiri hutaja mambo mazito: maradhi, njaa, vita, kufiwa. Ni nadra kutaja kikombe kilichopinduka, kiatu kisichoonekana asubuhi wakati wa kwenda shule, mlango uliobamizwa mtoto mchanga akiwa ndio kwanza amelala, au swali moja linaloulizwa mara ya kumi. Hata hivyo, twaona kwamba uvumilivu wa mzazi hupimwa hasa kwa mambo haya madogo.

Sababu yake si ngumu kuitambua. Msiba mkubwa huja na mashahidi. Majirani hukusanyika, wazee hutoa mawaidha, na mtu hujikaza hata kwa kuona haya. Udhia mdogo hauna shahidi ila mtoto mwenyewe. Hakuna ajaye kutupa pole kwa ajili ya kikombe. Hapo mtu hubaki na tabia yake halisi.

Tutoe mfano wa nyumba yetu wenyewe, kwani si haki kuwasema wengine. Jioni moja hapa Bujumbura tulirejea kutoka kazini tumechoka. Kutwa tulikuwa tukiwafundisha watoto wa watu ngeli za majina. Aliyekosea tulimwelekeza taratibu, na aliyekosea tena tulimwelekeza tena. Mshahara ulikuwa umechelewa, na mwenye nyumba alikuwa ametukuta njiani akatudai kodi. Tukaketi kusahihisha madaftari. Mwanetu wa miaka sita akaja na kikombe cha chai, amekishika kwa mikono miwili, akitaka kutufurahisha. Akajikwaa mkekani, chai ikamwagika juu ya madaftari. Maneno tuliyomwambia hatutayaandika hapa. Yatosha kusema kwamba hayakulingana hata kidogo na kosa la kikombe kile.

Kesho yake jioni chai ililetwa na mama yake. Mtoto alisimama mlangoni akitutazama, wala hakuikaribia meza.

Tulipotafakari, tuling'amua kwamba mtoto yule alikuwa amelipa deni lisilo lake. Hasira yetu ilikuwa ya mshahara na ya kodi. Lakini mwajiri yu mbali, na mwenye nyumba aweza kututoa nje. Basi ghadhabu yote ikamshukia yule asiyeweza kujibu. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, hakuilaumu hasira yenyewe. Alimsifu mtu akasirikaye kwa jambo listahililo, juu ya mtu astahiliye, kwa namna ipasayo, na kwa wakati na muda ufaao. Kwa kipimo hicho, sisi tulishindwa katika kila sharti.

Wako watakaosema kwamba upole uliozidi huharibu watoto, na kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, wala hatuipingi. Mtoto anayebamiza mlango kwa kusudi sharti aonywe. Lakini kukunja si kuvunja. Malezi humtazama mtoto na kuuliza ana haja ya nini. Hasira hutafuta tu mahali pa kujimwaga. Mwana Kupona, alipotunga utendi wake mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, naye alikuwa na mengi ya kumwusia binti yake. Alianza kwa kumwita asogee karibu. Maagizo yake ni mengi na mazito, ila yote yanafuata wito huo.

Je, basi, mzazi amwombe radhi mtoto wake? Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba kufanya hivyo ni kujivunjia heshima. Ni kweli kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ni vivyo hivyo. Lakini mwenye kumwaga hakatazwi kupangusa sakafu. Tulimwita mtoto tukamwambia: "Mwanangu, jana hukufanya kosa. Baba ndiye aliyekosa." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na madaftari yamekauka?" Tukamjibu kwamba yamekauka. Akaja akakaa mkekani, karibu na miguu yetu. Heshima tuliyoogopa kuipoteza hatukuiona ikipungua.

Hatusemi kwamba tangu siku ile hatukukasirika tena. Vikombe bado vinapinduka, na viatu bado vinapotea. Tumejizoeza tu kujiuliza, kabla ya kufungua kinywa: deni hili ni la nani? Mara nyingine jibu huchelewa, nasi huwa tumekwisha kusema. Ndugu walimu, tunawapa watoto wa watu subira yetu yote kutwa nzima, na jioni wa kwetu huambulia makombo. Yafaa tuwawekee na wao fungu lao.