Mganga Asiyepasua

Mtoto ameanguka kutoka mtini, ameumia tumbo upande wa kushoto. Mganga anampima, kisha anasema: «Bandama limepasuka kidogo. Sitamfungua tumbo, tutangoja.» Wazazi wanakasirika: «Mganga gani huyu asiyetibu?» Je, wana haki?

Zamani bandama (wengine husema wengu) likipasuka lilitolewa, maana waganga walidhani mtu halihitaji. Lakini mwaka 1952, huko Marekani, waganga King na Shumacker walieleza habari za watoto wachanga waliotolewa bandama, kisha wakapatwa na maambukizo makali sana. Mwaka 1968 Upadhyaya na Simpson, wa Toronto katika Kanada, walionyesha kwamba bandama la mtoto laweza kupona bila kupasuliwa. Nasi tunaokaa penye malaria tuna sababu zaidi ya kulitunza, kwani linausaidia mwili kupigana na ugonjwa huo.

Lakini kungoja kuna masharti yake. Mgonjwa alale kitandani. Mapigo ya moyo na nguvu ya damu vipimwe mara nyingi, mchana na usiku. Tumbo liguswe tena na tena. Damu ya kumwongezea iwe tayari, na mpasuaji awe karibu. Kama anaendelea kuishiwa damu, au utumbo umetoboka, hapo hakuna kungoja tena, apasuliwe upesi.

Basi, waganga wawili waweza kuonekana sawa, maana wote hawakupasua. Mmoja alikesha na mgonjwa. Mwingine alikwenda kulala, na asubuhi akasema, «Nilikuwa nangoja.» Wa kwanza alitibu, wa pili alimwacha mtu wa Mungu peke yake. Na mahali pasipo damu wala mpasuaji, mganga aseme kweli, ampeleke mgonjwa penye msaada bila kukawia.

Sisi jamaa nasi tuna wajibu. Tusimsukume mganga kupasua ili tuone kwamba fedha yetu imefanya kazi. Tusimtoe mtoto hospitali siku ya tatu kwa sababu anacheka, maana bandama laweza kuvuja damu tena hata siku nyingi baadaye. Akirudi nyumbani, asipande miti wala kucheza mpira mpaka mganga amruhusu. Na jioni, kabla ya kuondoka hospitali, tuulize kwa adabu: «Nani atamwangalia usiku huu?»